Taa Ndani ya Kifaru

Maneno haya yalisemwa kwanza katika redio hapa Kalemie, katika mfululizo wa mazungumzo ya kujenga amani, na sasa yamechapwa ili wale ambao hawakuyasikia wayasome, na wale walioyasikia wayarudie polepole. Safari hii tunazungumza juu ya taa. Si taa za barabarani wala za nyumbani, bali taa ndogo ambazo Wajerumani walizifunga ndani ya vifaru vyao wakati wa vita, pamoja na waya, swichi na betri zilizoziwasha. Usishangae. Utaona kwamba habari hii inapita mlangoni petu.

Wewe unayekaa Kalemie unajua thamani ya waya. Umeme wetu unatoka mbali, kwenye maporomoko ya Bendera kule kaskazini, na njia nzima kutoka kule hadi kwenye ampuli ya mezani kwako ni waya. Waya ukikatwa, watoto hawasomi usiku, mashine ya kusaga inanyamaza, na mama anayejifungua anashikiwa tochi. Na katika miaka ya vita tuliona waya zikikatwa, zikikunjwa kwenye magunia, zikiuzwa kwa kilo. Kwa hiyo tuanze na waya.

Vita Kuu ya kwanza ilipofika ziwani mwetu, kitu cha mwanzo kuumia kilikuwa mitumbwi na waya. Tarehe 15 Agosti 1914 Wajerumani walivuka ziwa, wakafika Mokolobu upande wa Uvira, wakaharibu mitumbwi ya watu na kukata waya wa simu. Juma moja baadaye, tarehe 22, merikebu yao Hedwig von Wissmann ilikuja hapa hapa Lukuga, ikaipiga mizinga meli ya Wabelgiji iliyoitwa Alexandre Delcommune. Mji uliokuja kuitwa Albertville, na baadaye Kalemie, ulikuwa bado mchanga. Reli kutoka Kabalo ilikuwa haijafika. Ilikamilika mwaka wa 1915.

Katika mwaka huo wa 1915, Wizara ya Jeshi la Majini ya Uingereza, kule London, ilikuwa na mambo mawili mezani ambayo watu wengi hawajapata kuyaunganisha. La kwanza lilikuwa kupeleka mashua mbili za injini kwenye Ziwa Tanganyika ili kuvunja nguvu ya Wajerumani. Mashua hizo, Mimi na Toutou, zenye urefu wa futi 40 kila moja, zilipanda meli hadi Cape Town, zikapanda gari la moshi hadi Fungurume, zikavutwa na matrekta ya mvuke na maksai juu ya milima ya Mitumba, zikashuka mto Lualaba, zikafika hapa kwa reli. Barabara ya kuzipitisha ilifyekwa kwa mikono ya watu wa Katanga, ambao vitabu vingi vya Wazungu vinawataja kwa sentensi moja tu. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliiteka Kingani ya Wajerumani, na tarehe 9 Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann.

Jambo la pili mezani pale lilikuwa geni zaidi. Waziri Winston Churchill alikuwa ameunda kamati ya kutengeneza meli za nchi kavu, yaani sanduku la chuma lenye injini na mizinga, litakalotembea juu ya mahandaki na seng'enge. Ili adui asijue, ilisemekana kwamba yanatengenezwa matangi ya maji. Ndiyo maana hadi leo Waingereza wanakiita kifaru tangi. Kwa hiyo kifaru na vita vya ziwa letu ni watoto wa ofisi moja, wa mwaka mmoja.

Wajerumani nao hawakukaa. Mwaka wa 1918 walileta kifaru chao cha kwanza, A7V, ambacho waliweza kukikamilisha vipande 20 tu. Ndani yake walijazana watu kumi na wanane au zaidi. Jaribu kufikiri: chumba cha chuma, injini mbili zinaunguruma katikati, moshi, joto, na hakuna mtu anayesikia la mwenzake. Mkuu wa kifaru angepiga kelele hadi koo likauke, hakuna ambaye angemsikia. Basi mafundi wakafunga taa ndogo karibu na wapiga mzinga. Taa nyeupe ikiwaka, maana yake kaa tayari. Nyekundu ikiwaka, maana yake piga.

Ninaomba tusimame hapo kidogo. Mtu yule aliyekaa kwenye mzinga hakumwona aliyekuwa akimwua, au alimwona kupitia tundu dogo tu. Hakusikia amri kutoka kinywani mwa mwanadamu. Aliona ampuli nyekundu imewaka, akavuta. Nadhani hapo ndipo vita vilianza kubadilika kuwa kazi ya kiwandani, ambako mtu anaitikia taa.

Vita vya pili vilipokuja, kuanzia mwaka wa 1939, mambo ya umeme ndani ya vifaru vya Kijerumani yalikuwa yamekua sana. Kifaru cha wakati ule, kama kile walichokiita Panzer IV, kilikuwa na watu watano: mkuu, mlenga shabaha, mpakia risasi, dereva, na mtu wa redio. Injini ilizungusha dainamo, dainamo ilijaza betri, na betri ilitoa umeme wa volti 12, sawa na betri ya gari unayoijua. Kutoka hapo waya zilitambaa ukutani zikiwa zimevikwa mabomba, zikapita kwenye visanduku vya fyuzi, zikaenda kila upande.

Ziliwasha nini? Ampuli ndogo za ndani, ili mpakia risasi asichague risasi isiyo yake, na mtu wa redio asome namba. Taa za kumulika vipimo vya dereva. Taa ndogo ya kumulika mistari ndani ya darubini ya mzinga wakati wa giza. Kulikuwa pia na tundu la kuchomekea taa ya mkononi yenye waya mrefu, kama ile anayoishika fundi wa gari anapoingia chini ya lori. Kifaru kilikuwa na pembe nyingi za giza: chini ya sakafu, nyuma ya mizinga, ndani ya chumba cha injini. Mnyororo ukikatika au bomba la mafuta likivuja usiku, hakuna taa iliyofungwa ukutani inayofika pale. Lazima mtu achukue taa mkononi, apige magoti. Yeyote aliyefanya kazi katika karakana zetu za reli anaielewa taa hiyo bila kuelezwa.

Lakini kichwa cha kifaru kinazunguka, na mwili wake umesimama. Ukifunga waya kutoka mwilini hadi kichwani, ukazungusha kichwa mara mbili, waya utasokotwa na kukatika. Mafundi waliliondoa tatizo hilo kwa pete ya chuma yenye brashi zinazoteleza juu yake, umeme ukapita bila waya kusokotwa. Ni ufundi mzuri, lazima tukubali. Ukiifungua dainamo ya zamani utaikuta brashi hiyo hiyo, kaka yake.

Na sasa jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote. Mzinga wa kifaru cha Kijerumani haukupigwa kwa nyundo ya chuma tu kama bunduki. Ulipigwa kwa umeme. Mlenga shabaha alibonyeza kitufe, umeme ukakimbia kwenye waya hadi nyuma ya risasi, baruti ikawaka. Kwa hiyo betri ile ile iliyowasha ampuli ambayo kijana alisomea barua ya mama yake, ndiyo iliyoua. Njia ilikuwa moja, chanzo kilikuwa kimoja. Tofauti ilikuwa swichi. Waya ukikatika au betri ikifa, mzinga ulinyamaza, na kwa sababu hiyo waliweka kifaa kingine cha dharura cha kutoa cheche.

Redio nayo ilikunywa kutoka betri hiyo. Watu wa kifaru walivaa visikio, na kipaza sauti kidogo kilifungwa shingoni ili kishike mtetemo wa koo, maana kelele ya injini ingefunika sauti. Heinz Guderian, jenerali aliyepanga majeshi hayo ya vifaru, alikuwa ametumikia katika kazi ya mawasiliano ujanani mwake, na alisisitiza kila kifaru kiwe na redio. Mwezi Mei 1940 Wafaransa walikuwa na vifaru vyenye chuma kinene, lakini vingi havikuwa na redio. Matokeo yanajulikana: katika wiki sita Ufaransa ilishindwa. Wewe uliyezoea kusikia sauti ya redio nyumbani kwako, ujue kwamba chombo hiki kinaweza kupeleka neno lolote. Hakichagui.

Tutoke nje ya kifaru sasa, tuone usiku. Mvuvi wa Kalemie anajua kwamba taa huita. Ukiwasha karabai juu ya mtumbwi katika usiku usio na mwezi, ndagala wanakuja, na mikebuka inawafuata nyuma. Taa huita samaki. Vitani huita mzinga na ndege. Mwanga mdogo wa kiberiti unaonekana mbali sana katika giza. Kwa hiyo jeshi la Wajerumani lilijifunza kutembea karibu bila mwanga. Mbele ya kifaru au lori walifunga taa moja iliyoitwa Notek, yenye kofia ya chuma, iliyomwaga mwanga mdogo chini barabarani tu, ili ndege isiuone kutoka juu.

Nyuma ya gari palikuwa na taa nyingine ya ajabu zaidi. Ilikuwa na vidirisha vinne vidogo sana. Dereva aliyefuata akikaribia kupita kiasi aliviona vyote vinne. Akiwa mahali panapofaa, macho yake yaliviona kama viwili. Akibaki nyuma mno, aliona kimoja tu. Hivyo msururu mzima wa magari uliweza kwenda gizani bila kugongana na bila kupotezana, kila mmoja akipima nafasi kwa ndugu yake wa mbele. Ninakiri kwamba napenda akili ya taa hii, ingawa siipendi kazi iliyoifanya.

Askari alikuwa pia na tochi mfukoni. Tochi nyingi za jeshi la Ujerumani zilikuwa na vioo vya rangi vya kuteleza, chekundu, kijani na buluu, ili atoe ishara. Na rangi nyekundu ina faida nyingine ambayo wavuvi watanielewa. Macho yetu huchukua karibu nusu saa kuzoea giza kabisa. Mwanga mweupe wa ghafla unaharibu yote kwa mara moja, lakini mwekundu hafifu hauharibu sana.

Hapa ziwani pia giza lilikuwa silaha. Mwanzoni mwa Desemba 1915 ofisa mmoja wa Kijerumani, Rosenthal, aliteremka majini usiku karibu na Lukuga, akaogelea ili aone Wabelgiji na Waingereza wanajenga nini. Kulipokucha alikuwa hajarudi kwenye merikebu yake, akakamatwa. Alijaribu kupeleka habari kwa wenzake katika barua ya mfungwa, akiandika maneno ya siri kwa mkojo wake, ambao ukikauka hauonekani. Maandishi yaligunduliwa miezi kadhaa baadaye, mambo yakiwa yamekwisha pita.

Nilisema tutarudi kwenye waya. Waya mzuri ni shaba, na Ujerumani haikuwa na shaba ya kutosha. Katika vita vyote viwili meli za adui ziliziba bahari, na serikali ikaanza kukusanya shaba kutoka kwa watu: masufuria, vitasa vya milango, na mwisho kengele za makanisa. Kengele ambazo wazee walibatizwa zikilia, zilishushwa kwa kamba, zikapelekwa kuyeyushwa. Katika vita vya pili hawakuchukua za kwao tu, bali na za nchi walizoziteka. Ndugu zangu, aliyekata waya hapa kwetu ili auze kwa kilo, na yule aliyeshusha kengele kwa amri yenye mhuri, ninashindwa kuona tofauti yao ni nini, isipokuwa wa pili alikuwa na sare.

Shaba yetu sisi ilikwenda upande wa pili. Katanga ilianza kuyeyusha shaba Lubumbashi mwaka wa 1911, na katika Vita Kuu ya kwanza shaba hiyo ilikwenda kutengeneza risasi za mizinga za Waingereza. Katika vita vya pili ilikwenda Uingereza na Marekani. Japani ilipoteka Malaya mwaka wa 1942, bati la Asia likakatika, na bati la Kongo, pamoja na lile la Manono katika mkoa wetu wa Tanganyika, likatafutwa kuliko kabla. Bati ndilo fundi analoliyeyusha kuunganisha waya na waya. Basi ndani ya redio na taa za majeshi yaliyopigana na vifaru vile vya Kijerumani, palikuwa na jasho la watu wa huku.

Jasho, na damu pia. Serikali ya kikoloni ilipandisha siku za kazi ya lazima vijijini hadi 120 kwa mwaka. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière huko Elisabethville waligoma wakidai mshahara, askari wakawapiga risasi, na makumi ya watu walikufa. Askari wengine wa Force Publique walipelekwa Nigeria, kisha Misri na Palestina. Baadhi yao walivuka jangwa kwa malori. Walipofika Misri, vifaru vya Rommel vilikuwa vimekwisha kushindwa. Mwisho wao ulikuwa Tunisia, Mei 1943. Kimoja cha Tunisia, kifaru kikubwa aina ya Tiger chenye namba 131, kilitekwa Aprili mwaka huo kikiwa bado kizima. Kiko katika jumba la makumbusho la Bovington, Uingereza, na watoto wa shule wanapelekwa kukitazama.

Vita vya mkoa wetu havikuhitaji vifaru. Kuanzia mwaka wa 2013, Watwa na Waluba walipoanza kuuana, mishale na mapanga vilitosha kuchoma vijiji na kuwaleta maelfu ya watu kulala chini ya maturubai kandokando ya mji huu. Nasema hivyo ili usidhani kwamba tunazungumza juu ya chuma cha Wazungu tu. Katika kifaru kulikuwa na swichi, na katika upinde kuna kamba. Kote kuna kidole.

Sasa nikupeleke upande wa pili wa ziwa, maana huko kuna mafundi ambao jina lao linafaa kujulikana Kalemie. Wajerumani walikuwa wamejenga meli kubwa katika kiwanda cha Meyer huko Papenburg mwaka wa 1913. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa bahari, na kutoka hapo kwa reli kwenda Kigoma. Mafundi watatu walikuja nayo: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Wakiwa na wafanyakazi wengi Waafrika na Wahindi waliiunganisha upya, ikateremshwa majini tarehe 5 Februari 1915, ikiitwa Graf von Götzen. Baadaye ikafungwa mzinga uliotoka katika manowari Königsberg, ikawa tishio kubwa kuliko yote ziwani. Wakubwa wa Mimi na Toutou hawakuthubutu kuikaribia. Mwezi Juni 1916 ndege za Wabelgiji zilizorukia upande huu wa ziwa ziliishambulia bandarini Kigoma. Wakati huo mzinga wake mkubwa ulikuwa umekwisha ondolewa kwa ajili ya vita vya nchi kavu, na mahali pake palisimamishwa mzinga wa mti, wa kutishia tu.

Mwezi Julai majeshi ya Wabelgiji yalikaribia Kigoma. Amri ikatoka kwamba meli izamishwe isiangukie mikononi mwa adui. Wangeweza kuilipua. Mafundi wale walipaka mitambo yake grisi nzito, kila penye chuma kinachoweza kushika kutu, wakaijaza mchanga, na tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha taratibu karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Amri ilitimizwa: adui hakuipata siku ile. Lakini mtu hapaki grisi kitu ambacho hatarajii kitatumika tena, na kwa hakika hakujua ni nani atakayekitumia.

Waingereza waliiinua mwaka wa 1924. Chini ya grisi, mitambo ilikuwa nzima. Mwaka wa 1927 ilianza kazi tena kwa jina la Liemba, na mitambo ile ile ya mvuke ilizunguka hadi miaka ya 1970 ilipobadilishwa kwa dizeli. Kwa miaka mingi ilisimama mbele ya vijiji vya pwani ya Tanzania visivyo na gati, hata usiku wa manane, taa zake zikiwaka, na mitumbwi ikatoka gizani kuipelekea abiria, ndagala wakavu na mananasi. Mwaka wa 1997, vita vya kwanza vya Kongo vilipokwisha, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi liliikodi kuwarudisha watu wetu waliokuwa wamekimbilia Tanzania. Zaidi ya watu 75,000 walivuka ziwa juu yake, wakarudi nyumbani.